Paa, Ukuta na Chumvi: Kinga ya Joto na Unyevu katika Nyumba Kongwe za Mombasa Bara

Nyumba kongwe za Likoni, Kisauni na Changamwe, ambazo nyingi zilijengwa kwa ramani ya nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma, zimepitia mabadiliko makubwa mawili: makuti yaliondolewa yakawekwa mabati, na kuta za udongo uliokandikwa ama zikapigwa plasta ya saruji, ama zikabomolewa na kujengwa upya kwa mawe ya matumbawe ya kukatwa au matofali ya saruji. Faida za mabadiliko hayo hazina ubishi, kwani bati halishiki moto, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake yanaweza kutekwa na kutumiwa nyumbani. Hata hivyo nyumba ilipoteza kinga mbili ilizokuwa nazo bila mwenyewe kuzihesabu, yaani paa lililozuia joto la jua lisishuke ndani na ukuta ulioweza kulowa ukakauka wenyewe. Jitihada nyingi za kuzirudisha kinga hizo hushindwa kwa sababu kazi huanzwa mahali pasipofaa, na kwa hiyo mpangilio wa kazi, yaani kitangulie nini na kifuate nini, una uzito kuliko bei ya vifaa.

Mji wa Mombasa uko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 33 za sentigredi, na hata Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, mchana huwa na nyuzi 27 au 28, huku usiku ukiwa nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000, sehemu kubwa ikinyesha wakati wa masika, na kilele chake ni Mei. Unyevu wa hewani, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na kiasi ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba, huwa karibu robo tatu kwa wastani, na alfajiri huzidi hapo. Katika nchi za baridi na unyevu kama Uingereza, mwenye nyumba kongwe hukinga joto la ndani lisitoroke, na mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu hutafuta ukuta wa baridi ukageuka maji. Pwani joto na mvuke vyote viwili hutoka nje vikielekea ndani. Mwelekeo umegeuka, lakini sharti ni moja, kwani ukuta wa zamani uliojengwa bila tabaka la kuzuia maji kwenye msingi huishi kwa kupumua, na anayeuziba huufungia maji ndani.

Paa la zamani lilistahili sifa kuliko inavyokumbukwa. Makuti ya viungo hutengenezwa kwa kukunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, kisha hupangwa juu ya pau kwa kukaribiana sana, kila safu ikifunika sehemu kubwa ya safu iliyo chini yake, na paa huinuliwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi ili maji yateremke kabla hayajapenya. Kati ya majani hayo hukaa hewa nyingi iliyotulia, na hewa iliyotulia ni kihami, yaani kitu kinachozuia joto lisipite. Ndiyo maana uso wa juu wa makuti huweza kuunguza mkono adhuhuri huku uso wa chini ukikaribiana na joto la kawaida la hewa. Kuta za ndani mara nyingi hazikufika juu paani, kwa hiyo hewa moto ya vyumba vyote ilikutana juu ikatokea penye uwazi wa mbele na nyuma. Isitoshe, upenu wa makuti ulitokeza mbali juu ya baraza, ukaweka ukuta kivulini na kuyatupa maji ya mvua mbali na msingi.

Bati la geji 30, ambalo ni la kawaida katika nyumba za kipato cha chini, lina unene wa takriban thuluthi moja ya milimita, na chuma hupitisha joto upesi, hivyo uso wake wa chini hauna tofauti na ule wa juu. Jua la adhuhuri huweza kulifikisha bati lililochakaa kwenye nyuzi 60 au zaidi, na kutu huzidisha tatizo kwa sababu rangi yake iliyokoza hunywa mwanga mwingi. Jambo ambalo mafundi wengi hawalizingatii ni njia ambayo joto hilo humfikia mtu. Hewa moto hupanda, haishuki. Kwa hiyo joto la bati halimfikii aliyeketi ukumbini kwa kubebwa na hewa, bali kwa mnururisho, yaani kwa kutupwa moja kwa moja kutoka kwenye kitu cha moto hadi kwenye kitu kisicho moto sana, kama jua linavyomchoma mtu hata upepo ukivuma. Ndiyo sababu mwenye kukaa chini ya bati tupu huhisi moto utosini ingawa mlango wa mbele na wa uani iko wazi na kusi inapita ukumbini.

Dawa ya mnururisho ni uso unaoukataa. Karatasi ya alumini inayong'aa hutoa sehemu ndogo sana ya joto ambalo uso wa kawaida ungelitoa, takriban asilimia 5, lakini kwa sharti moja ambalo likivunjwa karatasi haina kazi tena: uso unaong'aa lazima utazamane na nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 2. Karatasi iliyobanwa kati ya bati na ubao wa dari bila nafasi hupitisha joto kama chuma kingine chochote. Inafaa itandikwe chini ya pau, ikilegea kidogo, uso unaong'aa ukielekea chini, kwa kuwa vumbi hutua juu ya uso unaotazama juu na baada ya miezi kadhaa huufifiza. Dari ya mbao au ya gipsamu iwekwe chini yake, na nafasi iliyo kati ya dari na bati iachiwe matundu pande mbili zinazokabiliana, ili hewa moto itoke. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu, maana kunguru, popo na panya wa pwani hawahitaji mwaliko. Asiyemudu karatasi hiyo ana njia ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni kulisugua bati kutu na kulipaka rangi nyeupe ya paa, ambayo ikiwa safi hurudisha zaidi ya theluthi mbili za mwanga wa jua kabla haujageuka joto. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi zilizosafishwa, nao huhami vizuri ukitandazwa juu ya dari, lakini hushika moto na hunyonya maji, kwa hiyo haufai chini ya paa linalovuja wala karibu na nyaya za umeme zilizochakaa. Pale ambapo paa la zamani ni la asbesto, lisikatwe wala kutobolewa kwa sababu yoyote, kwani vumbi lake huua mapafu.

Baadhi ya wenye nyumba na hoteli za pwani wameezeka makuti juu ya mabati, wakitaka bati lizuie mvua na makuti yazuie jua. Wazo ni zuri, na chumba kilicho chini yake hupoa kweli. Kasoro hutokea makuti yanapolazwa moja kwa moja juu ya bati kwa mwinamo mdogo wa paa la bati, kwa sababu maji huchelewa kuteremka, majani huoza mapema, na bati linalokaa majimaji wiki nzima ya masika hushika kutu mahali ambapo hapaonekani. Fundi anayeinua makuti juu ya pau za pili, akaacha upenyo wa hewa kati yake na bati, huipunguza kasoro hiyo kwa gharama ya mbao chache.

Paa la bati lina tabia nyingine inayodhaniwa kuwa ni kuvuja. Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke wa ndani ya nyumba hugeuka umande kwenye uso wake wa chini, kisha matone hudondoka juu ya dari na kuacha madoa ya kahawia. Wenyeji husema bati linatoka jasho. Kupaka lami kwenye misumari hakuondoi jasho hilo. Matundu ya hewa yaliyotajwa ndiyo huliondoa, kwa kuuruhusu mvuke utoke kabla haujagota bati.

Kwenye ukuta ndiko makosa hugharimu zaidi. Matumbawe yana vinyweleo vingi ambavyo hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha, na udongo mzito wa mfinyanzi wa Changamwe hukaa na maji muda mrefu baada ya mvua. Maji yakipanda hubeba chumvi, na chumvi nyingine huwamo tangu siku ya ujenzi, pale ambapo mchanga ulitoka ufuoni bila kuoshwa au udongo ulichanganywa kwa maji ya chumvi ya visima. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na kiwango hicho ndicho Mombasa huwa nacho siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi hulowa usiku bila bomba kupasuka na bila tone la mvua, kisha hukauka adhuhuri; chumvi inapokauka hugeuka fuwele, fuwele huvimba ndani ya vinyweleo, na plasta husukumwa nje kidogo kidogo kila siku. Dalili zake huonekana kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno: rangi hutoka magamba, unga mweupe hutokeza, na mchanga hukusanyika chini ya ukuta kila unapofagiwa.

Mwenye nyumba akiona hivyo huita fundi, na fundi hupiga plasta mpya yenye saruji nyingi zaidi. Saruji imekuwa karibu na mkono tangu kiwanda cha Bamburi kilipoanza uzalishaji mwaka 1954, na sifa yake ya ugumu imeifanya idhaniwe kuwa dawa ya kila kitu. Juu ya ukuta wa matumbawe au wa udongo, plasta ngumu ya saruji huziba njia ambayo maji yangetokea, nayo hupanda juu zaidi kuitafuta njia nyingine, hata doa lililokuwa magotini likatokea mabegani. Kabla ya kununua mfuko mmoja, ukuta unapaswa kupimwa: kipande cha nailoni hubandikwa kando zote nne na kuachwa siku nzima, matone yakijitokeza nyuma yake, maji yanatoka ukutani, na yakijitokeza mbele yake, yanatoka hewani.

Tiba huanzia nje. Mabati yalipochukua nafasi ya makuti, upenu mara nyingi ulifupishwa ili kuokoa bati moja, na tangu hapo maji ya paa hutua kwenye mguu wa ukuta na kurusha tope juu yake. Gata, yaani mfereji wa pembezoni mwa paa, au upenu uliorefushwa, huondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa siku moja ya kazi. Ardhi iliyojazwa hadi juu ya sakafu ishushwe. Ndipo plasta ya saruji ibanduliwe hadi juu ya doa, na ukuta uachwe ukauke, jambo linalohitaji subira kwa kuwa kanuni ya mafundi wa majengo ya kale ni takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Plasta mpya iwe ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu, ipigwe kwa tabaka nyembamba, inyunyiziwe maji kwa siku kadhaa isikauke upesi, na juu yake ipakwe chokaa badala ya rangi ya mafuta. Chokaa, ambayo pwani iliichoma kwa matumbawe katika tanuu kwa karne nyingi, ni laini kuliko jiwe na hupitisha mvuke. Chumvi itaendelea kuila taratibu, na hiyo ndiyo kazi yake, kuharibika badala ya ukuta.

Baada ya hayo tu ndipo joto la ukuta linafaa kushughulikiwa, na hapo kivuli hushinda kihami. Ukuta wa inchi 9 huchelewesha joto kwa saa sita au saba, kwa hiyo jua linalochoma ukuta wa magharibi saa kumi alasiri hufika chumbani mnamo saa nne au tano za usiku, watu wakiwa kitandani. Kipenu, au mwarobaini uliopandwa mbali kidogo na msingi, hulizuia joto hilo lisiingie ukutani kabisa. Kubandika sponji ndani ya ukuta wenye unyevu ni kuufunika ugonjwa, na chumba chenye kiyoyozi huwa hatarini zaidi: hewa ya nje yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 27, kwa hiyo chumba kilichopozwa hadi nyuzi 24 huvuta mvuke ukutani, nao ukikutana na rangi ya mafuta au sponji hukwama na kuota ukungu.

Umiliki nao una sehemu yake katika suala hili. Katika mitaa mingi ya bara ya Mombasa mwenye nyumba si mwenye ardhi. Hulipia kiwanja kwa mwezi na anaweza kutakiwa kuondoka, na mtu wa hali hiyo hatii fedha katika kitu asichoweza kukichukua. Bati, gata, wavu na karatasi ya alumini hufunguliwa vikahamishwa, na rangi nyeupe na chokaa ni gharama ndogo, hivyo mpangilio uliopendekezwa hapa, wa maji kwanza, paa baadaye na ukuta mwisho, unamfaa hata asiye na hati. Msimu mzuri wa kuanza ni kaskazi: gata na upenu vikamilike kabla ya masika ya Aprili, na plasta ya saruji isibanduliwe hadi mvua ya Juni ipungue.