Wasimulizi wa Bamvua

Wastahiki sifa wale wanaowafunza vijana wa redio jamii za Unguja na Pemba kushika kinasa sauti na, kabla ya hapo, kunyamaza. Maana mkulima wa mwani wa Paje, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989, hakuhutubii juu ya tabianchi, bali huinua kamba, akakuonyesha taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zikiwa tupu, akaeleza jinsi mwani mnene wenye bei nzuri ulivyopauka na kukatika kwa harara ya maji, akabakiwa na mwembamba wa thamani haba. Mtaalamu angeandika nyuzijoto, wala si vibaya. Msimulizi aliyefunzwa vyema, na aliyelipiwa nauli ya kurudi bamvua la pili, huuliza ada ya skuli ililipwaje.