Tela Lenye Breki Zake: REDARC Tow-Pro Elite Yateremka Momela

Nimeshuka kutoka Momela, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha nchini Tanzania, kuelekea Usa River na tela la kambi nyuma ya Land Cruiser, hema, friji na tangi la maji lililojaa vyote vimo, na tela halikunisukuma hata kidogo. Siri yake ni kitufe cha kuzungusha kilichopachikwa kwenye dashibodi: REDARC Tow-Pro Elite, kidhibiti cha breki za umeme kutoka Australia. Kizuri mno!

Na Momela ndipo pa kukipima. Hii ndiyo nchi ambayo John Wayne na wenzake waliitimulia vumbi kwa magari katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962. Geti la Momela liko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukirudi bondeni unapita kona, changarawe na vumbi la majivu ya Mlima Meru ambalo mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Halafu twiga anachomoza kichakani na kusimama katikati ya barabara. Hapo ndipo utakapojua kama tela lako lina breki!

Matela yetu mengi hayana. Australia inaruhusu tela lisilo na breki mwisho kilo 750. Likizidi hapo, lazima liwe nazo. Wamarekani wanaoburuta gari dogo nyuma ya nyumba-gari huweka hata kisanduku cha kukanyaga pedeli ya gari linaloburutwa. Wote wanafuata kanuni moja: kinachovutwa kijisimamishe chenyewe.

Breki za msukumo, zinazobana tela linapolisukuma gari, ni rahisi na hazitaki umeme. Kwenye lami ziko vizuri. Lakini kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote, kwa hiyo breki hubana muda wote na kupata moto. Zaidi ya hayo, zinasubiri usukumwe kwanza ndipo zifanye kazi.

Breki za umeme hazisubiri! Ukikanyaga pedeli, umeme unaingia kwenye sumaku iliyo ndani ya ngoma ya gurudumu la tela. Sumaku inaing'ang'ania ngoma, inavutwa nayo, na mkono wake unazisukuma brekishuu. Kidhibiti ndicho kinachopima umeme huo, na hapa Tow-Pro inang'ara kwa sababu ina njia mbili. Kwenye lami ya Usa River unaiachia ijipimie: ukifunga breki taratibu, tela nalo linafunga taratibu, ukikanyaga kwa nguvu, linakaza. Ukiingia kwenye vumbi, unahamia njia ya pili na kuchagua nguvu kwa mkono wako, kwa sababu kwenye mteremko wa pole pole gari halipunguzi mwendo kiasi cha kukiamsha kipimo cha kidhibiti.

Na sasa jambo lililoniteka kabisa: ukibonyeza kile kitufe, tela peke yake linafunga, bila kugusa pedeli! Tela likianza kuyumba kwenye changarawe, unabonyeza, linavuta nyuma, na msafara mzima unanyooka. Ukiwa kwenye kona ya Momela, hakuna raha kama hiyo.

Kisanduku chenyewe cha Tow-Pro kinafichwa nyuma ya dashibodi, wala hakitaki kupangwa kwa pembe maalumu. Kinakubali gari la volti 12 na la volti 24, habari njema kwa wenye Land Cruiser za zamani.

Kabla ya kununua, hakikisha tela lina ngoma za umeme, kwa maana kidhibiti bila ngoma hakifanyi lolote. Mpe kazi fundi umeme wa magari anayejua kutumia waya mnene na kuunganisha ardhi vizuri. Umeme ukiwa hafifu, breki nazo huwa hafifu. Ongeza betri ndogo kwenye tela na swichi ya dharura yenye kamba iliyofungwa kwenye gari: tela likichomoka, kamba inavuta pini na breki zinajifunga zenyewe.

Kama safari zako zinaishia kwenye lami na mzigo ni mwepesi, breki za msukumo zinakutosha. Kama unapandisha mzigo Meru na kurudi nao, chagua za umeme, na kidhibiti kiwe hiki. Mimi nimeshachagua!