Mzuka wa Johnny umeiharibu We Were Liars

Tamthilia ilikuwa imekwisha. Cadence amekumbuka moto aliouwasha. Amewaaga rafiki yake Gat na binamu zake Mirren na Johnny, waliokufa humo. Amemgomea babu yake Harris, aliyetaka mwandishi wa habari asimuliwe hadithi safi ya ukoo wa Sinclair, kisha akaondoka kwenye kisiwa cha Beechwood. Sehemu nane, na mwisho wenye uzito wake. Ndipo kamera ikarudi kwa mama yake mkubwa, Carrie, na mbele ya Carrie akasimama Johnny, mwanawe aliyekufa kwenye ule moto, akamwambia kwamba hadhani anaweza kuondoka.

Uamuzi huo ni kosa, tena kosa kubwa kuliko mengine yote ya tamthilia hii iliyotoka Prime Video Juni 2025. Hauishii kwenye dakika yake. Unarudi nyuma na kubadilisha kila tulichokwisha kukitazama.

Turudi kwenye riwaya ya E. Lockhart ya mwaka 2014, tamthilia ilikotoka. Cadence anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na mapema kabisa anatueleza siku baba yake alipoihama familia: baba akatoa bastola, akampiga binti yake risasi ya kifua, damu ikamwagika kwenye majani ya bustani. Bastola haikuwapo. Baba aliingia kwenye gari akaenda zake. Katika kurasa chache tu Lockhart ameshakuonyesha jinsi akili ya msichana huyu inavyofanya kazi: akiumia, analiona tukio ambalo halikutokea na kulieleza kama lililotokea. Huo ni ushahidi, na umewekwa mezani hadharani, bila kufichwa.

Baada ya hapo kila dokezo lina njia mbili. Binamu zake na Gat hawajibu barua pepe zake. Hawaji kula nyumbani kwa babu, New Clairmont. Hakuna mama wala mdogo wao anayewasemesha. Wanajifungia kwenye nyumba ya Cuddledown, na ni Cadence peke yake anayekwenda huko. Ama ni wafu waliorudi, ama ni akili iliyoshindwa kubeba ilichokifanya ikajitengenezea marafiki. Riwaya haiamui. Imetuachia sisi, na ndiyo maana kijana akiifunga anarudi ukurasa wa kwanza usiku uleule, kisha kesho anabishana na mwenzake. Ubishi huo ndio ulioifufua riwaya kwenye TikTok miaka mingi baada ya kuchapishwa.

Nimesema mara nyingi na nitaendelea kusema: kinachowavuta vijana kwenye riwaya za mafumbo na taharuki si maiti wala giza. Ni kuaminiwa. Kijana anayeambiwa kutwa nzima afikirie nini anapewa ushahidi wote, anaketishwa kwenye kiti cha hakimu, na mwandishi ananyamaza.

Carrie akishamwona Johnny, hakimu amenyang'anywa kesi. Mzuka sasa upo nje ya kichwa cha Cadence. Basi kipandauso cha Cadence kilikuwa cha nini? Dawa zake, kusahau kwake, nywele nyeusi zilizotusaidia kutofautisha majira haya ya joto na yale yaliyopita? Yote yamegeuka mapambo. Hadithi ya msichana aliyewasha moto akashindwa kuishi na hatia yake imekuwa hadithi ya msichana aliyetembelewa na wafu ambao walijua kila kitu na hawakumwambia.

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza: Lockhart mwenyewe alifanya hivyo katika Family of Liars ya 2022, ambamo Carrie anamsimulia marehemu Johnny mambo ya ujana wake. Ni kweli, na hata pale sikupendezwa. Lakini kile ni kitabu kingine, msomaji anakichukua kwa hiari, na msimulizi wake anakiri uongo wake na vidonge alivyokuwa akimeza. Bado una nafasi ya kumtilia shaka. Ya pili: huenda Carrie naye amezidiwa na majonzi. Ningeikubali kama tungeandaliwa. Kwa Cadence tulikaa ndani ya kichwa chake sehemu nane nzima. Kwa Carrie tunapewa onyesho moja, Cadence ameshaondoka, na mzuka unaeleza hali yake kwa mdomo wake. Huko ni kutafuta msimu wa pili kwa gharama ya msimu wa kwanza.

Ronald Knox aliliandika mwaka 1929 katika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi: nguvu zisizo za dunia hii zisiingie. Wala hatuhitaji kwenda mpaka kwa Knox. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa palepale kwenye mzimu, watu wanaogopa, na kila kitu kinamshawishi mwandishi awasingizie wahenga. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anakataa. Anavuta kiko chake, anauliza maswali, anatafuta mkono wa binadamu, na anaupata. Abdulla aliwaheshimu wasomaji wake, wengi wao vijana wa shule, kuliko tamthilia hii ilivyotuheshimu sisi. Robert Cormier naye, katika I Am the Cheese ya 1977, alimpandisha mvulana baiskeli, akatuzungusha naye hadi mwisho, na jibu lilipokuja lilikuwa la kibinadamu na la kutisha kuliko mzuka wowote. Ellen Raskin aligombanisha warithi 16 katika The Westing Game na hakuhitaji mzuka hata mmoja.

Skrini ina tabia ya kuziharibu riwaya tangu zamani. Mwaka 1997 waliichukua I Know What You Did Last Summer ya Lois Duncan, riwaya ya 1973 inayohusu hatia ya vijana wanne waliomgonga mtoto wa baiskeli, wakaipa mvuvi mwenye ndoana. Duncan aliichukia filamu ile, na alikuwa na haki.

Sikatai kwamba Emily Alyn Lind amemwigiza Cadence vizuri sana, na usiku wa moto umepigwa picha kwa ustadi.

Pa kukatia palikuwapo. Cadence anamtazama Harris, anakataa kuwa msimulizi wake, anaondoka kisiwani. Ukoo mzima umeishi kwa kuambiana uongo mzuri, na mrithi wao mkubwa amekataa kuuendeleza. Wahariri walikuwa nayo picha hiyo mikononi, imeshapigwa, na wakaongeza nyingine baada yake.