Shairi na Jina Lake

Mshororo wa mizani 16 hauenei katika kioo cha simu. Ukiuandika kama ulivyozoea kuuona kitabuni, simu huukunja inapotaka yenyewe: utao, kile kipande cha pili cha mshororo, unaanzia juu na kumalizikia chini, na kina cha kati, ambacho mtunzi alikesha akikitafuta, kinamezwa na maneno asikione mtu. Msomaji anapita. Anadhani amesoma maneno matamu tu, wala hajui kuwa amepita juu ya shairi.

Haya nimeyajua kwa kumtazama jirani yangu hapa Kiembeni, Mombasa, mwandishi mwenye diwani moja na riwaya fupi moja, ambaye hautoi utungo wake Facebook mpaka aupange upya kwa mkono. Kila kipande anakipa mstari wake, mizani 8 juu na 8 chini, tarbia ya mishororo 4 ikawa mistari 8, ili jicho litue pale sauti inapotua. Kisha anausoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata. Akijikwaa mahali, anajua kwamba na msomaji atajikwaa hapo hapo, na neno hilo halilali humo usiku ule.

Kazi hiyo anaifanyia barazani baada ya isha, akishafunga duka lake la nguo za watoto, wakati tuktuk zinateremsha watu waliochelewa mjini. Ana simu mbili, daftari na kalamu. Simu moja ni ya kuandikia. Ya pili ni ya M-Pesa na maagizo ya vitabu, kwa kuwa hapendi fedha na mashairi vilale kitanda kimoja. Ile ya kuandikia ameizima tabia yake ya kusahihisha maneno. Simu haijui Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Akiandika "mato" kwa maana ya macho, au "ndoo" kwa maana ya kumwita mtu aje, inamrukia na kumwekea neno la Kiingereza ambalo hata hakuliwaza. Facebook nayo ina desturi ya kuonyesha mistari michache ya mwanzo tu na kuificha iliyobaki mpaka mtu abonyeze. Waandishi wengine hutumia mwanya huo kutega: wanakata sentensi kwenye kisu au kwenye busu, ili mtu abonyeze kwa uroho. Yeye huhesabu mistari hiyo ili ubeti mmoja kamili uonekane wazi. Anayetaka kuendelea aendelee, na asiyetaka awe amepata ubeti mzima.

Lakini kinachonivutia zaidi ni daftari. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: jina la msomaji, mji wake, alichouliza, alichojibiwa. Yumo msomaji wa Muscat aliyeuliza maana ya neno alilokuwa akilisikia kwa bibi yake na hakuwahi kulikuta kwenye kamusi. Yumo kijana wa Changamwe aliyemnunulia mama yake diwani, akaandika baadaye kwamba mama ameishika tu mkononi maana haoni herufi ndogo. Mbele ya jina lake jirani yangu aliandika: "mamake haoni." Wiki ile alijifungia chumbani, akazima feni isivume, akajirekodi akighani mashairi matatu, na wa kwanza kupelekewa sauti ile alikuwa mama wa Changamwe. Wengine waliipata kesho yake.

Watu huiita kazi hii kujinadi, na wakilitamka neno hilo hukunja pua kidogo, kana kwamba mwandishi wa kweli hukaa kimya akangojea kutafutwa. Mimi naiita ufundi, nao una adabu zake. Jirani yangu hamwingizi mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumwomba ruhusa. Hatumi tangazo la kitabu bila masalkheri. Kukiwa na msiba mtaani haweki kitu mpaka matanga yaanuliwe, hata kama watu elfu wanamngoja. Mwezi wa Ramadhani saa zake hubadilika, huandika baada ya tarawehe. Aliyemwachia kidole gumba humshukuru kwa jina, na aliyemwachia ubeti hujibiwa kwa ubeti, bahari ile ile na vina vile vile, hata kama jibu litamweka macho mpaka usiku wa manane. Sijaona malumbano matamu kama yale aliyowahi kufanya na mzee mmoja wa Likoni juu ya foleni ya feri. Kila mmoja alimpandia mwenzake kina kigumu zaidi, mpaka mzee akasalimu amri kwa ubeti wa shukrani.

Mombasa ina ukoo mrefu wa watu waliolibeba neno lao wenyewe mpaka mlangoni kwa wenye kulisikia. Muyaka bin Haji, aliyeishi baina ya 1776 na 1840, hakuwa na kitabu wala gazeti. Tungo zake zilikwenda Lamu kwa njia ya bahari wakati wa uhasama wa miji ile miwili, na majibu yakarudi kutoka kwa Bwana Zahidi Mngumi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoona elimu imefungiwa katika Kiarabu wasichokijua wengi, mwaka 1930 alitoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akafuatisha Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili mvuvi na muuza duka wasome. Abdilatif Abdalla naye mwaka 1968 aliandika Kenya: Twendapi?, karatasi iliyopita kwa siri mkono kwa mkono na kumtia gerezani miaka mitatu. Huko ndani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, nayo yakatoka kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Na Lamu yuko Ustadh Mahmoud Mau, mwokaji mikate, ambaye tungo zake zilisafiri kwa kaseti miaka mingi kabla ya kuingia WhatsApp. Nyingi alizitunga kwa sababu mtu fulani alimjia na haja fulani.

Ninapowafikiria watu hawa naona jambo moja linalowaunganisha na jirani yangu wa Kiembeni. Walijua wanamwambia nani. Muyaka alikuwa na mtu mbele ya macho yake, adui au rafiki, na huyo mtu alikuwa na jina.

Nyumbani kwetu nako jina la mwenye wimbo lililindwa. Nilipokuwa mdogo, kaseti zilikaa katika sanduku la viatu juu ya kabati, na hazikuguswa ila kwa idhini ya babangu. Nyingi zilikuwa za mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo. Zile za dukani, za Mbwana Radio Service, zilikuwa na karatasi yake ya chapa. Zile zilizorekodiwa harusini zilikuwa tupu, na hizo ndizo babangu alizoziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino wa buluu, herufi ndogo zilizosimama wima: jina la mwimbaji, jina la mtunzi, nyumba iliyokuwa na harusi, mtaa na mwaka. Kama wimbo ulikuwa utungo wa mshairi Ahmad Nassir, alipigia jina mstari chini. Kama hakumjua mtunzi, aliacha nafasi wazi, na mgeni mwenye kujua alipokuja kunywa kahawa aliulizwa kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Nafasi ile haikujazwa kwa kubahatisha. Nakumbuka kaseti moja iliyokaa na pengo lake tangu nilipoanza kusoma mpaka nilipomaliza shule ya msingi, na siku babangu alipolipata lile jina alituita sote sebuleni tukamwona akiliandika.

Aliyeazima kaseti ili anakili alipewa na karatasi yake anakili vilevile. Hiyo ilikuwa sheria ya mtaa mzima, wala hapakuwa na aliyeiandika. Ilikuwa aibu kuwa na wimbo usioujua mwenyewe, kama kumkaribisha mtu ndani usimuulize atokako.

Sasa nitazame simu yangu. Asubuhi moja tu yanaingia mashairi matano: la Ijumaa, la mama, la subira, la kumsuta mke mwenza, la mauti. Juu yake pana mishale miwili midogo, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Mishale hiyo hukwambia kuwa shairi limetoka mbali. Haikwambii limetoka kwa nani. Naliteremsha mpaka chini kutafuta jina, na chini hakuna kitu ila maua ya waridi na ombi kwamba nilitume kwa watu kumi.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema wakaliwekea ulinzi ndani ya utungo wenyewe. Mtunzi wa utenzi alipofika tamati alitaja jina lake, akataja mji, mara nyingi akataja na mwaka, kisha akaomba dua. Watunzi wa magazetini wakafuata njia hiyo kwa lakabu zao. Ubeti wa mwisho ulikuwa sahihi na muhuri. Nao ndio unaokatwa leo kabla ya nyingine zote, kwa sababu anayetuma ana haraka, na ubeti ule kwake hauna utamu. Una jina la mtu tu.

Jirani yangu alitunga shairi la kumuaga bi harusi, la beti 7, akaliweka kwenye ukurasa wake usiku wa Alhamisi. Baada ya miezi kadhaa lilimrudia katika kundi la harusi ya jamaa zake, limebandikwa juu ya picha ya hina, beti 6, na chini yake pameandikwa jina la mtu asiyemjua. Akina shangazi wanalisifu. Hakupiga kelele. Aliandika: "Masalkheri nyote. Nashukuru shairi limewapendeza. Limepungukiwa na ubeti mmoja, nao ni huu." Akauweka ubeti wa saba wenye jina lake, vipande vyote vikiwa vimepangwa vizuri mstari kwa mstari. Wengi wakaomba radhi na kumpongeza. Mmoja akamuuliza ana ushahidi gani. Akapiga picha ukurasa wa daftari wenye rasimu, mikato na tarehe, akaituma, akaweka simu chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyedaiwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayemnyonyesha.

Vitabu navyo vina msiba wao. Diwani iliyomla mwandishi miaka inapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kugawiwa kundini kwa maneno ya ukarimu, karibuni nyote, ni bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni sheria nzuri, lakini haina kiti katika makundi yetu. Mgawaji hujiona mtu mwema, na anayelalamika huonekana bahili.

Ninaloliumia zaidi ni vijana wanaoandika. Wana vipawa, naviona. Lakini wamefundishwa kwamba kazi ya mwandishi mtandaoni ni kuhesabu wafuasi. Wanatupa kiungo cha kitabu katika makundi 40 bila salamu, wanamtaja kila mwenye jina kubwa ili nao waonekane, wanaandika kila siku kwa kuogopa kusahaulika. Wako wachapishaji wanaouliza idadi ya wafuasi kabla ya kuuliza muswada. Kijana wa namna hiyo ukimuuliza ni nani aliyemsomea shairi lake la jana, atakutajia namba. Hana jina hata moja la kukupa. Na asipowajua wasomaji wake, atamlaumu nani shairi lake likirudi halina jina lake?

Jirani yangu hana wafuasi wengi. Toleo lake la kwanza limekwisha, hata hivyo, na waliolimaliza wako katika lile daftari, mtu kwa mtu, kutoka Mtopanga mpaka Muscat. Sasa anaandaa la pili, na mwanzoni mwake ataweka majina ya wote waliomjibu kwa beti.

Nawe unayesoma, huenda katika simu yako kuna shairi ulilolipenda likakaa bila mwenyewe. Muulize aliyekutumia, naye amuulize aliyemtumia. Usichoke njiani, na ukilipata jina usilitume tena bila jina hilo. Muyaka alipokufa hakuacha kitabu. Miongo baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa akiuliza wazee wa Mombasa, akiandika beti walizozihifadhi pamoja na visa vyake, akimsaidia mmishenari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake, na jina la Muyaka liko juu ya jalada.