Teno ameuliza maswali mazito, ila kwa lugha ya nani?

MIONGONI mwa maswali ambayo sisi wahakiki hupenda kuyakwepa ni hili: kazi ya sanaa inamfikia nani? Tunachambua maudhui, fani na itikadi, kisha tunafunga kitabu. Msanii mmoja ambaye hakulikwepa swali hilo ni Jean-Marie Teno, mzaliwa wa Cameroon, aliyeanza kutengeneza filamu za hali halisi, yaani dokumentari, katika miaka ya themanini. Aliunda kampuni yake mwenyewe, Les Films du Raphia, ili asimwombe mtu ruhusa ya kusema. Huo ndio uhuru aliouchagua. Katika makala haya ninadai kwamba uhuru huo, japo wa kupigiwa mfano, haukukamilika.

Tuanze na Afrique, je te plumerai ya mwaka 1992. Kichwa chenyewe ni kejeli: kinachezea wimbo maarufu wa watoto wa Kifaransa kuhusu ndege anayenyonyolewa manyoya. Safari hii anayenyonyolewa ni Afrika. Filamu ilitengenezwa wakati Wacameroon walipokuwa wakidai demokrasia ya vyama vingi, na mwandishi Célestin Monga alipofikishwa mahakamani kwa barua ya wazi aliyomwandikia Rais Paul Biya katika gazeti la Le Messager.

Mtengenezaji mwingine angeishia kwenye maandamano na mabomu ya machozi. Teno anatupeleka maktaba. Tunazunguka katika vituo vya utamaduni vya mataifa ya Ulaya mjini Yaoundé tukitafuta vitabu vya Waafrika, na tunachokipata ni haba. Hoja yake ni kwamba udhalimu haukuletwa na askari peke yake. Uliletwa pia na rafu za vitabu.

Ndiyo maana anamkumbuka Mfalme Njoya wa Wabamum, aliyebuni hati ya kuandikia lugha ya watu wake mwishoni mwa karne ya 19, akafungua shule na kusimamia uandishi wa historia yao. Wafaransa walimpokonya mamlaka, wakamhamishia Yaoundé, naye akafia huko mwaka 1933. Kwa wanaisimu, huu ni ushahidi kwamba kuua maandishi ni njia mojawapo ya kuutawala umma.

Katika Chef! (1999), Teno alikuwa Bandjoun akirekodi sherehe za kumuenzi chifu. Ghafla umati ukamzingira kijana aliyetuhumiwa kuiba kuku na vifaranga. Kamera ikaiacha sherehe ikamfuata kijana. Kutokana na tukio hilo anajenga hoja kuhusu 'uchifu' unaoanzia nyumbani, mume akijiona mtawala, hadi ikulu. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa: mwizi wa kuku huchomwa kwa tairi, mwizi wa mamilioni huitwa mheshimiwa.

Hata hivyo, filamu inayonikera na kunifurahisha kwa pamoja ni Lieux saints ya 2009. Teno yuko Ouagadougou, Burkina Faso, mji mwenyeji wa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika. Badala ya zulia jekundu, anaingia mtaa wa Saint-Léon, katika kibanda cha video cha Bouba. Humo watu hutazama filamu za ngumi za kutoka ng'ambo. Bouba angependa kuonyesha za Kiafrika, lakini kuzipata ni shida na bei yake haimwezekani. Hebu fikiria: tamasha liko mjini, filamu haziko mtaani!

Uaminifu wa Teno hapa unastahili pongezi, kwani anajiuliza kuhusu kazi yake mwenyewe. Lakini jibu lake linaegemea bei na usambazaji. Lugha je? Masimulizi yake, kwa sauti yake mwenyewe, ni ya Kifaransa. Yule aliyezilaumu rafu za Yaoundé kwa kutozungumza na Mwafrika ameiweka kazi yake kwenye rafu zizo hizo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Cameroon ina lugha zaidi ya 200; angechagua ipi? Tena fedha za kutengenezea dokumentari hutoka sana Ulaya, na mlipa zumari ndiye huchagua wimbo. Ni kweli, ila filamu si lazima iwe na sauti moja. Vibanda vya video vya hapa Kenya vimelithibitisha hilo. DJ Afro huzichukua filamu za kigeni akazisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, na mtu ambaye hajui Kiingereza hutoka humo akiwa ameelewa, tena amecheka. Wasomi tulimpuuza, ati anaharibu lugha. Kumbe alikuwa amelitatua tatizo linalowasumbua maprofesa wa filamu.

Basi wanafunzi wetu wa tafsiri, badala ya kurundika tasnifu zisizosomwa, waipe Chef! sauti ya Kiswahili, kwa idhini ya mwenyewe, kisha ipelekwe Kawangware, Kongowea na Kondele. Teno ametumia maisha yake kuuliza ni nani aliyetunyamazisha. Swali hilo ni letu pia, na mama mboga ana haki ya kulisikia kwa lugha anayouzia sukuma wiki.