Mzingile kwenye simu: riwaya zetu za dunia iliyoharibika

Mwaka 1995 mwandishi wa Ubelgiji, Jacqueline Harpman, alitoa riwaya kwa Kifaransa kuhusu wanawake 39 na msichana mmoja waliofungiwa kwenye kizimba chini ya ardhi. Hawajui kosa lao, na walinzi hawasemi nao. Siku moja king'ora kinalia, walinzi wanakimbia, wanawake wanatoka nje na kukuta uwanda mtupu. Mpaka mwisho hatuambiwi nini kilitokea. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1997, ikapita kimya kimya. Harpman alifariki 2012. Baadaye tafsiri hiyo ikachapwa upya kwa jina jingine, vijana wa TikTok wakaidaka, na sasa ina wasomaji wengi ambao mwenyewe hakuwahi kuwaona.

Kisa kama hiki si cha kwanza. Januari 2017 riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 ilipanda mpaka nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mauzo ya Amazon, miaka 67 baada ya mwandishi wake kufa. Siasa za Marekani zilikuwa zimechafuka, watu wakakumbuka kwamba kuna kitabu.

Swali langu ni la nyumbani. Riwaya za Kiswahili za aina hii ziko wapi, na simu inazifanyia nini? Kwa miezi kadhaa sasa nimeona picha za kurasa za Nagona na Mzingile, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, zikipita kwenye magrupu ya WhatsApp na stetasi za wanafunzi hapa Dodoma. Mtu anapiga mstari kwa kalamu nyekundu, anapiga picha, anarusha. Jibu la kwanza huwa lile lile: "Nani ana PDF?" Nafurahi kuliona swali hilo, na pia linanitia wasiwasi. Nitaeleza yote mawili.

Distopia ni jaribio

Distopia ni hadithi ya jamii iliyoharibika kwa mpangilio, yaani ubaya wake una utaratibu na mantiki yake. Wasomaji wa sayansi wana njia rahisi ya kuielewa: ni jaribio la fikra. Einstein akiwa kijana alijiuliza angeona nini kama angekimbia sambamba na mwale wa mwanga. Hakuhitaji maabara. Alibadilisha jambo moja, akaacha mengine yafuate. Mwandishi wa distopia anaifanyia jamii hivyo hivyo. Anashika kigezo kimoja, anakivuta mpaka mwisho, halafu anatazama watu wanafanya nini.

Kwa hiyo ukiisoma distopia kama utabiri utakuwa umeionea. Kuuliza "alipatia au alikosea?" ni kuuliza swali la mganga wa nyota. Swali la haki ni kama mashine aliyoiunda inafanya kazi.

Kwa kipimo hicho Kiswahili hakikuchelewa hata kidogo. Orwell alitoa 1984 mwaka 1949. Miaka miwili tu baadaye, 1951, Shaaban Robert akatoa Kusadikika, nchi inayoelea angani. Kigezo alichokivuta ni kimoja: nchi ambayo maarifa kutoka nje ni kosa la jinai. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, wanarudi na mambo mazuri ya kuigwa, na malipo yao ni adhabu. Karama anasimama mahakamani kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni kuwakumbusha watawala habari za wajumbe hao mmoja baada ya mwingine. Mashine hiyo inafanya kazi mpaka leo, na haihitaji hata roboti mmoja.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Shamba la Wanyama la Orwell likatoka Nairobi kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Halafu likaja kundi linalonihusu zaidi hapa: Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ya 2001, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya 2002. Ndani ya miaka kumi na mbili hivi Kiswahili kilipata rafu nzima ya vitabu kuhusu dunia iliyokwenda kombo.

Kwa nini tulizisahau

Sababu ya kwanza ni mtihani. Wengi wetu tuliosoma kidato cha tano na sita tulikutana na Kufikirika, Vuta N'kuvute, Usiku Utakapokwisha na Mfadhili kwa sababu vilikuwa kwenye orodha. Kitabu kilichomo kwenye orodha kinachapwa tena na tena. Kisichokuwemo kinaishia kwenye kabati la mhadhiri, na baada ya muda kinabaki fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia pembeni.

Sababu ya pili ni ugumu, na hapa tusidanganyane. Anayeingia Nagona akitarajia kisa chenye mwanzo, kati na mwisho anapotea mapema. Msimulizi anatangatanga kwenye mahali pa ukimya na magofu, na njiani anakutana na akina Socrates, Darwin, Marx na Freud. Riwaya zote mbili ni nyembamba, hakuna hata moja inayofika kurasa mia, lakini si za kumaliza kwenye daladala.

Sababu ya tatu ni mpaka. Walenisi, Bina-Adamu! na Babu Alipofufuka zilichapwa Nairobi, na vitabu vya Nairobi havifiki kirahisi kwenye maduka ya huku kati. Lugha ni moja, lakini soko la vitabu ni vipande vipande.

Simu inachagua nini

Hapa ndipo simu inapoingia, na inaingia na tabia zake. Simu inapenda sentensi. Inapenda kipande kinachotosha skrini moja na kumfanya mtu aseme "hii ni mimi kabisa". Kezilahabi alikuwa mshairi pia, kwa hiyo vipande vya namna hiyo anavyo vingi. Ila kinachosafiri ni kipande tu, na mashine inabaki nyuma.

Nimeona ukurasa wa Mzingile umebandikwa juu ya wimbo wa mapenzi, kana kwamba upweke wa msimulizi ni wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Upweke ule ni wa mtu aliyebaki baada ya watu kuisha. Ukiondoa hilo, umebakiwa na huzuni isiyo na anwani, na huzuni ya namna hiyo tunayo ya kutosha kila siku, hatuhitaji kuitafuta kwa Kezilahabi.

Hata hivyo sitaki kuilaumu simu peke yake, kwa sababu darasa nalo hukatakata. Tulifundishwa kuchinja riwaya kwa viungo: dhamira, ujumbe, wahusika, falsafa ya mwandishi, alama mbili kila kimoja. Mwanafunzi anaweza kutaja dhamira tano za kitabu bila kujiuliza hata mara moja ingekuwaje kuishi ndani yake. Angalau aliyerusha picha ya ukurasa hakulazimishwa na mtu. Kitu kilimgusa. Kazi iliyobaki ni kumtoa kwenye ukurasa na kumpeleka kwenye kitabu.

Mzingile na hesabu za moshi

Nijaribu kufanya kazi hiyo kwa Mzingile, maana naiona ndiyo iliyo imara kuliko zote. Neno lenyewe lina maana ya njia za kuzunguka zinazompoteza mtu. Msimulizi anamtafuta mzee wa ajabu, ambaye wahakiki wengi humsoma kama Mungu, ili kumpelekea habari za kifo cha mwanawe. Na dunia anayoipitia inafikia kuteketea kwa maangamizi ya kinyuklia.

Kumbuka wakati ule. Desemba 1983 Carl Sagan na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science makala kuhusu majira ya baridi ya kinyuklia. Hoja yao ilikuwa hii: kinachoua wengi si mlipuko. Miji inaungua, masizi yanapanda mpaka stratosfia, na huko juu hakuna mvua ya kuyaosha, kwa hiyo yanakaa kwa miaka. Mwanga wa jua unapungua, joto linashuka, mvua zinavurugika. Aprili 1986 kikaja Chernobyl. Kezilahabi aliandika katika hewa hiyo.

Hesabu zimeendelea tangu hapo. Mwaka 2022 Lili Xia na wenzake, katika jarida la Nature Food, walikadiria kwamba vita kamili vya nyuklia kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua zaidi ya watu bilioni 5, na wengi wao wangekufa kwa njaa. Yaani watu ambao hawakurushiwa bomu lolote.

Sasa isome Mzingile ukiwa uwanda wa kati. Dodoma inapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Msimu mmoja ukikosekana, mtama na uwele vinakosekana. Na Ugogo umewahi kuonja dunia kuisha kwa sababu ya vita vya watu wengine. Ile njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilianza na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, ukame ukafuata, na maelfu ya watu wakafa. Mwanahistoria Gregory Maddox ameieleza vizuri. Hakuna aliyewauliza Wagogo kama wana ugomvi na Kaisari.

Kwa msomaji wa hapa, basi, Mzingile si hadithi ya mbali. Kitabu chenyewe hakijishughulishi na hesabu za masizi na mtama. Kinauliza jambo gumu zaidi: kama mzee wa kutegemewa amechoka na dunia imekwisha, binadamu aliyebaki aanzie wapi? Mwishoni kuna mwanya wa kuanza upya, na Kezilahabi anauacha mdogo kwa makusudi. Ndiyo maana ukurasa mmoja hautoshi. Mwanya huo unaonekana tu kwa aliyepita gizani kwanza.

Nyingine hazilingani. Walenisi ina wazo zuri mno. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, anakimudu, anatua kwenye sayari yenye jamii ya haki, na jina la sayari linajieleza: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia na aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, kwa hiyo nusu ya hadithi inayohusu hukumu inauma kweli. Ila akishafika Walenisi, watu wanahutubia sana. Jamii isiyo na mgogoro haina cha kujaribiwa, na jaribio linageuka somo. Bina-Adamu! ina kasi na ucheshi, na utandawazi unachekwa bila huruma, lakini rejeo zimerundikana mpaka msomaji anajiona yuko kwenye chemshabongo. Hata hivyo zote mbili ningezipendekeza kuliko nusu ya orodha za "vitabu vya kusoma kabla hujafa" zinazozunguka mtandaoni.

Kusikia si kupata

Narudi kwenye lile swali, "Nani ana PDF?" Kilichomwokoa Harpman hakikuwa TikTok peke yake. Vijana walipokisikia kitabu, kilikuwa kimeshachapwa upya, kipo dukani, kina bei. Kwetu mtu anasikia, anatafuta, anakosa. Kinachobaki ni nakala iliyoskaniwa kwa simu, kurasa nyingine zimekatika. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kazi ya mwandishi inalindwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kusambaza nakala hizo si halali, na familia haipati hata senti. Lakini kumwambia kijana "usisome" wakati hakuna pa kununua, hilo nalo si jibu.

Jibu liko kwa wachapishaji na wenye haki. Siku hizi kitabu kinaweza kuchapwa nakala 50 kwa wakati, au kuuzwa kama faili halali kwa bei ya bando la wiki. Zile picha za kurasa zinazozunguka ni utafiti wa soko ambao wamepewa bure. Wasipoutumia, kijana mwenye hamu ya kusoma kuhusu mwisho wa dunia atasoma kwa Kiingereza, kisha ataamini kwamba Kiswahili kinajua kusimulia ndoa na uchawi tu, na kwamba mambo ya kesho ni ya wenzetu. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nyuklia, ukame na masizi havitauliza tunazungumza lugha gani.

Kama unaanza leo, anza na Kusadikika, ambayo ni rahisi kuipata. Fuata Walenisi ukiwa na ndugu au rafiki anayetoka Nairobi wa kukubebea. Mzingile iache ya mwisho, uisome yote, taratibu, ikiwezekana mara mbili. Halafu ukitaka kurusha ukurasa kwenye stetasi, andika chini yake kilichotokea kabla ya ukurasa huo.