Mkono Unaomsubiri Mtoto

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua pacha. Baadhi ya siku hizo huisha kabla mtoto hajazaliwa, hivyo akina mama wengi hurudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili na ushei. Ndio umri ambao kucheua kunazidi, kukielekea kilele chake karibu na mwezi wa nne. Anayebaki nyumbani na chupa ya maziwa yaliyokamuliwa, awe bibi, mama mdogo au dada wa kazi, amekabidhiwa jambo zito kuliko tunavyolichukulia. Jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, anamlea mjukuu wake kwa namna hiyo. Napenda sana kumtazama anavyomnywesha.

Hangoji kilio. Mtoto akianza kulamba midomo, kugeuza kichwa huku na huku, kupeleka ngumi kinywani, chupa tayari imo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Mtoto aliyeachwa alie hadi akwame pumzi huanza kunywa akiwa amekwisha kumeza hewa. Bibi anadondosha matone mawili ndani ya kifundo cha mkono wake kupima joto, anaketi, anaegemea ukuta, kisha anampakata mjukuu karibu wima, shingo imenyooka, kidevu hakijabanwa kifuani.

Chuchu ya chupa haisukumwi. Anaigusisha mdomo wa chini na kungoja mpaka mtoto mwenyewe apanue kinywa na kuivuta ndani. Chupa anailaza, karibu sambamba na sakafu, maziwa yakitosha tu kujaza ncha ya chuchu. Ustadi wote umo katika ulalo huo. Mtoto hunyonya, humeza, huvuta pumzi, na ziwa la mama humpa nafasi ya yote matatu kwa sababu maziwa yake huja kwa mawimbi. Chupa iliyosimamishwa humiminika tu. Hapo mtoto hana hiari: ameze upesi au apaliwe, na kila funda la haraka hushuka na hewa. Ikilazwa, maziwa hayaji mpaka yeye ayavute.

Baada ya mafunda kadhaa anaishusha kidogo, maziwa yanarudi nyuma, mtoto anapumua. Wakati huo wote macho ya bibi yako usoni na mikononi mwa mtoto. Vidole vikitanuka ghafla, kope zikiinuka, maziwa yakichuruzika pembeni mwa mdomo, anajua kasi imezidi, naye anaipunguza kabla hakijatokea kikohozi. Katikati ya mlo anamhamishia mkono wa pili, kama ambavyo mama angebadilisha ziwa. Sijawahi kumwona akitazama simu.

Wapo wanaopanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto, au wanaotia uji ndani ya chupa, ili mtoto ashibe haraka na alale. Yeye hukataa vyote viwili waziwazi, na namuunga mkono. Chupa ikipinduliwa, maziwa yatoke tone kwa tone; yakitiririka, chuchu hiyo si ya mtoto mchanga. Na mtoto akigeuza uso, mlo umekwisha, hata kama chini yamebaki maziwa ambayo mama yake aliyakamua kwa shida usiku. Hilo la mwisho ni gumu kwa walezi wengi, nami nawaelewa. Ila mlango ulio kati ya umio na tumbo la mtoto haujakaza bado, na tumbo lililojazwa kupita kiasi huusukuma ukafunguka.

Kubeua nako hakulazimishwi. Anamweka begani, kiganja kinapanda taratibu mgongoni, bila kupigapiga. Hewa isipotoka baada ya muda mfupi, anaacha. Utafiti uliofanywa Chandigarh, India, na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona kwamba kubeulisha kunapunguza chango, yaani kilio kirefu cha mtoto mwenye afya, na watoto waliobeulishwa walicheua zaidi. Anachoshikilia ni kumweka wima kama nusu saa baada ya mlo. Kisha anamlaza chali, kitandani palipo bapa, bila mto, hata kama majirani wanahofia atapaliwa. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya umio, na kilichocheuliwa hakipandi kirahisi kuiingia.

Kuhusu chango la jioni hatoi ahadi za uongo. Daktari Morris Wessel na wenzake walilipa kipimo mwaka 1954: kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3, kwa mtoto mwenye afya. Kilio cha watoto hupamba moto karibu na wiki ya sita, na kwa wengi chango huisha kufikia mwezi wa tatu au wa nne, wakinyweshwa vyema au vibaya. Mnyweshaji stadi anaondoa kile tu ambacho chupa yenyewe iliongeza, yaani hewa, haraka na shibe ya kulazimishwa. Kilio kinachobaki anakibeba begani, akitembea naye uani.

Na anaujua mpaka wa kazi yake. Maziwa machache yanayoteremka kidevuni kwa mtoto anayeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki hayamtishi. Anafuta, anabadilisha kitambaa. Lakini matapishi ya kijani, yenye damu, au yanayoruka mbali kwa nguvu, hayangoji mlo unaofuata. Anamwita mkwewe kwa simu akiwa tayari njiani kwenda hospitali.